Asilimia Tisini na Saba

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, fundi wa mtandao wa kiwanda cha maboksi alipanda ngazi kwenye korido, nje ya ofisi ya meneja. Kifaa cha waifai pale darini kilikuwa kikisuasua. Kwa kawaida vifaa vyote alivichomoa na kuviwasha upya kila Ijumaa, ila hiki alikiruka kwa miezi mitano, maana ngazi ilikaa stoo na mwenye ufunguo ana maneno mengi.

Alichomeka waya wa kompyuta, akaangalia memori. Imejaa asilimia tisini na saba. Simu zilizounganishwa zilikuwa kumi na moja, nazo zilikula kidogo tu. Iliyobaki yote ilishikwa na sauti ya mfagizi.

"Bosi, shikamoo. Naomba ruhusa nimpeleke mama hospitali," kifaa kilisema. "Bosi, samahani, ni mimi tena."

Aliomba mara sita, kwa siku tatu. Kila mara meneja alimjibu, "Rudi kesho."

Fundi aliijua sauti. Ni ya Chapchap, walivyomwita kwa jinsi alivyopiga deki, aliyefukuzwa miezi minne nyuma kwa utoro. Barua ilisema aliondoka bila kuomba ruhusa. Mama yake alifariki wiki ileile, na tangu hapo hapati kazi popote. Waajiri wakishasoma barua, wanamrudishia karatasi zake.

Fundi alimpigia simu. Chapchap alifika kabla ya saa nne, akasimama chini ya ngazi, akajisikiliza. Alilia kidogo, akajifuta.

"Si nilisema mimi? Mkaniona muongo!"

Makarani walichungulia, wakakubaliana kwamba sauti ni safi kuliko ya simu. Meneja alitoka, akasikiliza mpaka mara ya sita, mikono mfukoni.

"Ni kweli, dada, uliomba. Sibishi."

"Basi nibadilishie barua, bosi. Hilo neno utoro litoke, basi."

"Barua ilishasainiwa, nakala iko makao makuu. Nitaanzia wapi?" Akamgeukia fundi. "Kiwashe upya, watu wafanye kazi."

Jamani, fundi alipanda ile ngazi, akashuka, akapanda tena. Roho ilimuuma. Alishajaribu kuinakili sauti, ikagoma, na memori ya aina ile haibakizi kitu umeme ukikatika. Aliyemshikia ngazi ni Chapchap mwenyewe.

"Chomoa tu, mdogo wangu. Usije ukaandikiwa barua na wewe."

Alichomoa. Memori ikashuka hadi thelathini na moja. Chapchap akaondoka, na getini mlinzi akamtaka asaini daftari la wageni.

Saa tisa fundi aliangalia tena, akakuta arobaini na nne. Karani wa stoo alikuwa mlangoni kwa meneja tangu mchana, akiomba ruhusa. Mkewe yuko leba.

Meneja alipoletewa taarifa kwamba memori inajaa tena, hakuchelewa. Aliagiza kifaa kipya chenye memori mara mbili, mtandao usije ukasumbua tena.