Siku Bi Tomie Alipoinama

Bi Tomie aliiinamia simu. Hapakuwa na mtu wa kumwona isipokuwa paka, lakini aliinama vilevile, mkono mmoja ukutani ili asianguke, huku sauti ya Wakili Nosaka ikimwambia sikioni kwamba majaji wamekataa.

"Asante kwa taabu yako, wakili. Samahani sana kwa kukusumbua."

"Bibi, nimesema wamekataa. Kesi haitasikilizwa upya."

"Nimesikia, mwanangu. Umekula?"

Upande wa pili mtu alivuta kamasi. Nosaka alikuwa bado anatambaa wakati Yasunori, mwana wa Bi Tomie, anahukumiwa kunyongwa. Kesi aliirithi kwa wakili mwingine, mwanamume aliyekufa ikiwa ingali mezani kwake.

"Wamesemaje?"

"Kuhusu alama za viatu zilizozidi mguu wa Yasunori, wamesema damu inateleza, kwa hiyo alama inaweza kuwa kubwa kuliko mguu. Na kuhusu wewe... wamesema uliyowaeleza mwezi uliopita ni maneno ya mama anayemtetea mwanawe. Lakini siku ile ulipoinama mlangoni hakuna aliyekutuma. Kwa hiyo wanaamini kule kuinama."

Bi Tomie aliirudisha simu mahali pake. Kisha akaiinamia tena.

Mlango wenyewe ulikuwa wa duka la pombe la Hirabe, barabara ya juu, katika mji wao mdogo wa kaskazini. Mjane mwenye duka alikutwa sakafuni amechomwa kisu, katikati ya kreti. Baada ya siku chache polisi walimchukua Yasunori, mpakiaji mizigo wa duka, na aproni yake kiunoni. Walikuja na magari, nyuma yao watu wa televisheni, wakakanyaga bustani za watu na mtaa mzima ukakosa usingizi. Asubuhi yake Bi Tomie alivaa nguo nyeusi, akachukua boksi la keki za maharage matamu, akaenda kupiga magoti kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka, mbele ya binti wa marehemu.

"Samahani kwa usumbufu," alisema.

Mama yeyote wa mji ule angesema hivyo. Mtoto akivunja kioo cha jirani, unainama. Mtoto akisingiziwa kuvunja kioo, unainama pia, kwa kuwa jina lenu limetajwa na watu wameudhika. Asingekwenda, wangesema hata uso hakuonyesha. Alikwenda, na mwendesha mashtaka akasimama mahakamani akauliza, kwa upole kabisa, ni mama gani anayeomba radhi kwa kosa ambalo mwanawe hakulitenda. Jaji, ambaye bila shaka mama yake mwenyewe aliinama kwenye milango mingi kwa ajili yake, alitikisa kichwa kukubali.

Kabla ya kwenda kwa majaji mwezi uliopita, Nosaka alimfanyisha mazoezi ofisini. "Ukiingia, bibi, usiiname. Ingia tu, kaa." Bi Tomie alitoka nje, akaingia, akainama. "Bibi!" "Nimeinama?" Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Lakini jaji mmoja aliuliza swali ambalo hawakulifanyia mazoezi. "Siku ile, ukiwa umepiga magoti, uliamini kwamba mwanao ameua?"

Alitaka kusema hapana. Ila alikumbuka ubaridi wa ile theluji magotini, na macho ya yule binti yaliyovimba kwa kulia, na kwamba kwa muda mfupi tu, kabla hajainua kichwa, aliwaza: je, kama ni kweli? Alipotamka hapana, karani alikuwa ameshaandika kwamba shahidi alinyamaza kwanza. Wazo hilo hakumwambia hata Nosaka. Lilimtafuna peke yake, na alistahili kutafunwa, ndivyo alivyoona.

Kesho yake alipanda treni kwenda gerezani. Katika duka lililo mbele ya geti alinunua pichi za kopo ili apelekewe mwanawe. Keki za maharage zilikuwepo, rafu ya chini, naye hakuzitazama.

Yasunori alikaa upande wa pili wa kioo chenye matundu madogo. Kando yake alikaa mlinzi kijana mwenye daftari na kalamu, kwani kila linalosemwa hapo huandikwa.

"Leo wamepita," alisema Yasunori. Ndiyo salamu yake. Huko ndani mtu haambiwi siku yake. Asubuhi, baada ya chakula, husikia nyayo kwenye korido, na zikisimama mlangoni kwake, basi.

"Umenenepa," mama yake alidanganya.

"Na wewe unazidi kuwa mfupi. Mwezi ujao nitaona nywele tu."

Bi Tomie alicheka. Mwanawe alikuwa amebakiwa na meno machache, na mvi zake zilikuwa nyingi kuliko za marehemu baba yake.

"Wamekataa, Yasu."

"Najua. Wakili alikuja jana akalia. Ikabidi mimi ndiye nimbembeleze."

"Ni kwa sababu yangu. Kule kuinama kwangu."

"Mama, acha."

"Ningekaa nyumbani siku ile..."

"Nimesema acha!"

Mlinzi aliinua macho. Yasunori alishusha sauti na mabega pia.

"Basi niambie," alisema Bi Tomie. "Siku zote zile kituoni ulikataa. Halafu asubuhi moja ukasaini kwamba umeua. Sijawahi kukuuliza. Walikupiga?"

"Walinipiga tangu mwanzo. Kipigo nilishakizoea."

"Sasa ilikuwaje?"

Yasunori aliitazama mikono yake.

"Siku hiyo walikuja na chai. Wakaniambia, mama yako ameshakwenda kwa kina Hirabe, amepiga magoti, ameomba radhi. Nikawaambia waongo. Wakanitajia keki, Mama. Wakanitajia mpaka duka ulikozinunua."

Kalamu ya mlinzi ilikuwa inakwaruza karatasi.

"Nikasema, Mama hawezi kuinama bure. Mama ananijua. Labda nimefanya, nimesahau. Nilikuwa sijalala, sikujua tena lililo kweli. Wakanipa kalamu."

Bi Tomie alitaka kugusa kioo, lakini hairuhusiwi.

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Ningekuambia, ungekuja tena?"

Angekuja, alijua angekuja, lakini asingeweza kumtazama usoni kama alivyomtazama miaka yote hiyo, na pengine hilo ndilo Yasunori alilokuwa akilinda.

"Nikuulize kitu kimoja tu," alisema Yasunori, akausogeza uso kwenye matundu. "Nimeshazeeka, sitakasirika. Siku ile uliamini ni mimi?"

Ile hapana ilikuwepo ulimini. Safari hii aliishika barabara asiiache ichelewe. Alifungua kinywa.

"Muda umekwisha," alisema mlinzi.

"Mama," alisema Yasunori. "Jibu tu."

Bi Tomie aliinuka haraka ili aseme akiwa amesimama, sauti ifike. Mlinzi, kijana wa watu, alikuwa ameshasimama, anasubiri, amecheleweshwa kwa ajili yao. Kiuno kikajikunja chenyewe, kilivyofundishwa tangu angali mtoto, na kinywa kilichofunguliwa kwa ajili ya neno moja kikatoa mengine.

"Samahani kwa usumbufu."

Alipoinua kichwa, Yasunori alikuwa anamtazama kama mtu aliyekwisha kujibiwa.

"Hapana," alisema. "Yasu, hapana. Nilitaka kukataa. Hapana!"

Lakini mwanawe alikuwa amegeukia mlango, na mlinzi alikuwa ameinamia daftari, anamalizia mstari.

"Umeandika nini, mwanangu?"

Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimsomea pole pole, maana alimwona ni mzee: "Mama wa mfungwa ameomba radhi."

"Na ile hapana?"

"Muda ulikuwa umekwisha, bibi."

Akafunga kalamu, akamwinamia kwa heshima, akamshika Yasunori kiwiko.