Miche ya mu Shimo ya Mazuku

Wamama wenye mumekimbilia Mubambiro, munisikilize. Sisi tulitoka Bihambwe, ku milima, na kule hatukujua mazuku, ile hewa mubaya ya kuua, yenye kutoka mu udongo na kulala ndani ya mashimo.

Agronome, mwalimu wa kilimo, alikuja kutufundisha. Akasema miti inakula hewa ya moshi, na kwa vile hiyo hewa inaongezeka mu dunia, pori zingine zinakomaa upesi. Bwana yangu Straton akaniangalia.

"Mama Kétsia, mazuku njo hewa ileile! Shimo imejaa chakula ya miti, na haina mwenyewe."

"Mbona hakuna hata muti moja ndani?"

"Ni kwa sababu hakuna mwenye kupanda."

Asubuhi, upepo haijaamuka, akabeba miche ya mikaratusi. Mimi na binti yetu Kétsia tukamufuata. Kasoki, mama mwenye duka pale karibu, akamuitia: "Papa Kétsia, hata mbuzi yangu ya kichwa nguvu inaogopa pale!"

"Mbuzi haikusoma!"

Wenyeji, wakitaka kushuka, wanatanguliza moto ya majani makavu chini: ikizimika, wanarudi. Straton naye aliwasha. Lakini alishuka akishika moto pa kifua, na mazuku inalala chini. Ikawaka vizuri. Akatucheka, akainama, akapanda muche moja, na ingine.

Hakuinuka.

"Papa!" Kétsia akaruka. Nikamushika nguo, ikapasuka. Nikamushika mukono, akaniuma. "Mama, niache, anakufa!"

Sikumuachilia. Mwenye kushuka kusaidia mwenzake analala juu yake, Kasoki alishatuambia. Mutoto anapiganisha mikono yangu, na kule chini miguu ya bwana yangu inatetemeka, kisha haitetemeke tena.

Kasoki akakuja mbio na ule muti murefu wa kuangushia matunda ya avoka, wenye ndoano. Ikakosa. Ikakosa tena. Ikashika mukaba ya suruali. Tukavuta wote watatu, uso yake ikikwaruzwa na mawe.

Akatapika. Akapumua. Akafungua macho.

"Miche... imebakia mbili."

Nikamupiga kofi. Kisha nikaanguka juu yake nikilia.

Ile miche ilikauka yote. Mizizi pia inataka kupumua, na kule haiwezi. Agronome hakudanganya: alisema hewa ya dunia, hakusema shimo. Basi, wamama, bwana yako akitoka kwenye mafundisho na kuanza kuangalia shimo sana, ficha jembe.