Skrini ya Pili Tu

"Mimi na mashine tunaelewana tangu zamani," alisema Mwanahawa, akiuinua waya juu kama mtu anayeonyesha nyoka aliyemuua. "Hakuna iliyowahi kunishinda." Akafikiri kidogo. "Isipokuwa cherehani. Na ile pasi iliyokula buibui langu. Hizo tu. Na redio."

Wanawake wa kikundi cha maziwa cha Kwai wakacheka. Ukungu ulikaa dirishani kama mgeni asiyejua kuaga, nao walijibana mbele ya televisheni ya kikundi, ambayo radi iliinyang'anya sauti ikaiachia picha. Wangetazama video ya malisho, kisha wachague mwenyekiti. Mwanahawa alikitaka kiti chake tena, ila kanuni ilimkataza kugombea yeyote aliyekwepa kazi ya pamoja bila udhuru, na siku wenzake walipobeba mawe ya banda, yeye hakuonekana. Udhuru wake ulikuwa goti. Leo alikuja nalo limeviringishwa kanga, akalinyoosha juu ya kigoda kwa heshima zote.

"Pole, Mama Mwenyekiti," alisema Yudith, aliyekitaka kiti hicho hicho. "Yaani kuinama huwezi kabisa?"

"Kuinama? Hata swala nasali nimekaa, mwenzangu."

Akaipa televisheni mgongo, akaipakata kompyuta aliyoletewa na binti yake Sabra, akachomeka waya. Televisheni ikabaki giza.

"Labda nayo ina goti," Yudith akanong'ona kwa sauti ya kusikika.

Mwanahawa akaingia kwenye mipangilio, mahali pa skrini, kama Sabra alivyomwelekeza. Akagusa "Panua". Televisheni ikawaka picha ya maua, basi.

"Ng'ombe wetu watakula hayo?" akauliza Yudith.

Akagusa "Nakili". Kilichokuwa mapajani pake kikatokea mara moja nyuma yake pia. Makofi! Kichwa kikamvimba, akafungua video ya kwanza aliyoiona.

Haikuwa ya malisho. Ilikuwa harusi ya Muheza, na pembeni imeandikwa tarehe: siku ile ile ya mawe. Akapita bwana harusi, ikapita sinia ya pilau, na Mwanahawa alijua vizuri nani anafuata. Hakuwa amekusudia kucheza siku ile. Ngoma ilimkuta tu, ikamrudishia kiuno alichodhani alikizika na marehemu mumewe. Haraka akarudi kwenye mipangilio, akagusa neno la mwisho, ambalo Sabra hakulieleza: "Skrini ya pili tu".

Kompyuta ikazima uso. Mwanahawa akashusha pumzi: harusi imezimika.

"Harusi ya nani hiyo?" akauliza Yudith.

"Ya watu tu. Sabra kaniwekea, nami hata sikwenda. Kwa goti gani? Siku hiyo nililala kitandani nikiugulia, nikiwawazia ninyi na mawe yenu."

Macho yote yalimpita juu ya kichwa, yakatua nyuma yake. Mwanahawa akaona huruma imewashika, akaikoleza.

"Kushuka kitandani tu nilishikwa mikono. Kiuno nacho kilikauka kama gogo la mvule."

Mmoja akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Yudith akasogeza kiti mbele apate kuona vizuri.

"Endelea, Mama Mwenyekiti," alisema kwa upole. "Ila usigeuke kwanza. Sasa ndipo unaposhuka chini na ngoma."

Mwanahawa aliruka kuung'oa waya. Juu ya kigoda ikabaki kanga, peke yake.