Mabuti ya Surya

…na Hashil bin Juma kaegemea mto wake wa siku zote, na Thani, mwanangu, kasimama na dele la kahawa, na Alya binti Thani kashika simu, na mimi, basi, hao ndio tuliopo huku Ibra, Uarabuni, asubuhi hii, na Alya anasema, babu, ujumbe umeingia, wa Hansa, nisome? ngoja, nasema, ngoja kidogo, kwani Hansa ni binti wa Jayantilal Dhanji Soni, na Jayantilal yuko hospitali huko Leicester, hali mbaya, na jana baada ya magharibi Hashil alimpelekea sauti yake, hatimaye, baada ya umri mzima, Jayanti, yakhe, umeshinda, mungu wako kavaa mabuti… je, ilimfikia akiwa na masikio ya kusikia, hilo tu ndilo nilitakalo, na ndilo niliogopalo, kunywa, baba, anasema Thani, inapoa, nami nakunywa, naye anajaza, sijakitikisa kikombe kusema yatosha… Mista Aldridge, mwalimu wetu wa kuchora, Unguja, tuko wadogo, dirisha wazi, alituambia tuchore kitu cha kwa babu zetu, Jayantilal akachora mtu wa jiwe mwenye mabuti, na Mista Aldridge akasema mchongaji wa Kihindi wa zama zile hajui buti, umechora askari wewe, na Hashil akapanda juu ya dawati, kushoto! kulia! mungu wa Jayanti yuko kwenye gwaride! darasa zima likaangua kicheko, na Jayantilal hakulia, alisema tu, nendeni Modhera, kwenye hekalu la babu zetu, mkaone, nami nikaliweka jina hilo, Modhera, si Mudira kama asemavyo Thani… na Hashil hakuacha, harusini, matangani, sokoni Nizwa mbele ya wauza tende, anipigie mguu chini, vipi, sheikh, gwaride lini? na mimi nina neno la rafiki yangu tu… mpaka goti hili likanipeleka hospitali Ahmedabad, si mbali na Modhera, wakanitia goti jipya, na Thani kwenye simu, baba, umekwenda kutibiwa au kuzuru masanamu? nikamwambia, kusujudu nimeshasujudu alfajiri, huko nakwenda kutazama… na Modhera hiyo, birika kubwa la ngazi, maji chini yametulia, kisha nguzo, hakuna jiwe lililoachwa tupu, wapiga ngoma, ndovu, wanawake wanaofunga nywele, na ukutani yeye, Surya, mungu wao wa jua, ndilo jina lake, pua imekwenda, mikono yote miwili imekatika, lakini miguu! babu, usipige magoti hapo, anasema Alya, aliyenisindikiza safari ile, baba akisikia, nami nimeshapiga, goti jipya juu ya jiwe la miaka elfu, buti la kulia, buti la kushoto, marefu, yanakaribia magoti, Mista Aldridge, mwalimu, naomba utazame, nikasema kwa sauti mbele ya wageni, kushoto, kulia, na machozi yananitoka kwa furaha… na jana Hashil kaiona picha ya mabuti hayo, aliyoipiga Alya, kwenye televisheni ya Thani, kafuta miwani, hebu ikuze, ikuze tena, kisha, lete hiyo simu… babu, nisome? soma, nasema, soma, mama, na Hansa kaandika kwa Kiingereza, Alya anageuza, anasema baba yake aliisikiliza mara mbili, akataka picha isogezwe karibu na uso, akacheka mpaka nesi akaja mbio, akasema mwambieni Hashil ashuke kwenye dawati… ilimfikia, imemfikia, kacheka! na Hashil kainamisha kichwa, lakini chini ya kanzu naiona miguu yake, polepole, juu ya zulia, kushoto, kulia, mshindi anapigiwa saluti, Jayantilal Dhanji Soni, hakuna tena wa kukuambia umechora askari, na Thani anajaza kikombe, na Alya anasema, bado kuna mstari, babu, na mimi sijakitikisa kikombe, soma. Jayantilal Dhanji Soni amefariki leo alfajiri.