Macho ya Mama Pindo

Saratani ya damu ikishaingia nyumbani, hakuna maradhi mengine yanayoruhusiwa kuitwa kwa jina lake. Mama Pindo, fundi cherehani, alikuwa mwaka wa tatu akimeza vidonge vyake, na daktari aliridhika naye. Lakini akikohoa, saratani. Akipata mafua, dada yake anaanza kulia jikoni. Hata alipojikwaa kizingitini, kaka yao alitikisa kichwa: "Damu hiyo."

Basi mishono ilipoanza kwenda kombo, nani angeuliza? Kola ya mteja ilikaa upande. Uzi ulikataa tundu la sindano, akaulamba mpaka ukalegea. Kaka yake akavuta kiti.

"Mdogo wangu, tusidanganyane, mwili umechoka. Jumamosi binamu anakuja kuichukua cherehani. Wewe pumzika."

"Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, kaka."

"Pumzika, nimesema."

Cherehani ile ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi ambazo vidonge vilimtia kichefuchefu na mifupa ikamuuma. Bila hiyo angebaki mgonjwa tu, kazi yake kutazamwa na kuhurumiwa. Alikasirika, hasira ile ya kuvaa viatu, akaenda kliniki.

"Daktari, uzi hauingii kwenye sindano," alisema. "Na usiniambie ni saratani kabla hujaangalia."

Daktari akapitia majibu ya damu. Yalikuwa mazuri. Akampa karatasi ya dawa aisome. Mama Pindo akaishika, akaisogeza mbali, akaisogeza mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha. Daktari akaficha kicheko.

"Nenda chumba cha macho, mama."

Huko mpimaji alimjaribishia lenzi moja baada ya nyingine, kisha akamuuliza umri. Arobaini na saba.

"Basi ndiyo hayo. Macho ya umri. Humfika kila mtu."

"Kila mtu? Hata asiyeumwa?"

"Hata mimi," alisema mpimaji, akagusa miwani yake.

Jumamosi binamu alifika na kamba. Kaka alikuwa ameshainua cherehani upande mmoja Mama Pindo alipotoka chumbani.

"Weka chini."

"Mdogo wangu, tulishakubaliana..."

"Mlikubaliana nyinyi. Weka chini!"

Ikawekwa. Akaketi, akavaa miwani mipya, akakata uzi kwa meno. Ukaingia mara moja. Dada yake, kama kawaida, akaanza kufuta machozi kwa kanga.

"Unalia nini tena, dada? Siyo damu hii. Macho yangu yamezeeka."

"Yamezeeka?" kaka aliuliza, kamba ya binamu ikiwa bado mkononi mwake.

"Ndiyo! Nyinyi mlishaanza kugawana vitu vyangu, na mimi huku nazeeka. Mnasikia? Nazeeka!"

Akakanyaga pedali, akaanza kuinyoosha ile kola.