Motere ya Marehemu Athanase Haipoi

Je, weye umekwisha kuona wanaume wazima wakivua kofia mbele ya pikipiki?

Ungepita Nyakasanza, mtaa wa Bunia, siku ya Mungu, baada ya misa ya pili, ungewakuta uwanjani kwa Honorine, kofia mkononi. Walijiita Klabu ya Waitalia, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyefika Italia. Walipenda pikipiki za kule, zile za mbio, zilizokwisha kutumiwa na Wazungu na kufika kwetu kupitia Kampala, mara nyingine vipande vipande, zimefichwa kati ya nguo za mitumba zisikwaruzwe. Muzee Rémy, mkubwa wao, alikuwa nazo mbili, moja haina motere. Marcellin, muuza misumari, alikuwa na tangi la mafuta tu. Aliliweka sebuleni juu ya meza, akalifunika kitambaa cha kufuma, na wageni walikatazwa kuweka glasi karibu nalo.

Pikipiki zenyewe hazifai kwa barabara za Bunia. Mtu analala juu yake kama anayechungulia kisima, chini inagonga mawe, na mvua moja nzuri inatosha kuifungia ndani mpaka kiangazi. Hayo yote waliyajua, na hayakuwapunguzia upendo.

Kilichowaleta kwa Honorine ni Ducati ya marehemu mume wake, Athanase: nyekundu, nzima, yenye ambreyaji kavu, klachi isiyo na mafuta, inayolia kama vijiko ndani ya sufuria. Honorine aliitaka pikipiki ile. Hakuna aliyemuuliza, kwa hiyo hakusema. Yeye alisali misa ya kwanza. Wanaume wa mtaa walipokuwa kwenye misa ya pili, alifunga kitenge chake vizuri kati ya miguu, akaisukuma mpaka njiani, akaipanda mpaka mtaa wa Mbunya, akarudi na mikate ya moto ndani ya mfuko. Alijifunza mwenyewe baada ya maziko, kwa kuanguka. Athanase alipokuwa hai alimruhusu kuiosha tu, tena akisimama karibu kuangalia.

Athanase naye hakukosa mkutano. Alifika kwa miguu kutoka makaburini, ndani ya suti aliyozikwa nayo, akilalamika juu ya viatu, maana ndugu zake walivinunua bila kumpima. Alitoa pamba puani apate kusema, akaiweka pembeni ya kisahani. Chai hakunywa, lakini alipenda iwe mbele yake. Wenzake walisogeza viti ili naye apate kivuli, wakaendelea na maneno yao.

"Ile ya Kampala iko ya njano," Marcellin alisema, akipitisha telefone yenye picha.

"Njano ni rangi ya vifaranga," Muzee Rémy akajibu. "Si vile, Papa Arielle?" Arielle alikuwa binti wa nyumba ile, anasoma Kisangani.

"Nyekundu," marehemu alisema polepole.

"Unasikia? Hata mufu anajua! Na weye, Marcellin, weye unapandaka tangi mu salon, utatufundisha nini?"

Walicheka, hata Athanase, ila yeye kicheko chake kilikuwa hakina sauti.

Matanga yalipoisha, Vahwere, kaka mkubwa wa Athanase, akashuka kutoka Butembo na gari la Fuso. Katika ukoo wao, matanga yakiisha, ndugu wa mume wanachukua vitu vya mume. Walikwisha kubeba friji na jenereta. Walikwisha kubeba nusu ya godoro, ule upande aliolalia marehemu, wakaukata vizuri kwa kisu, wakamwachia Honorine upande wake. Ilibaki pikipiki, na Vahwere alitaka kumuuzia Muzee Rémy.

Sasa, klabu ilikuwa na sheria moja: pikipiki iliyotumika hainunuliwi motere ikiwa na joto. Muuzaji mwerevu anaiwasha mapema, ipashe, ili mnunuzi asisikie ugonjwa wake inapoamka. Kwa hiyo mnunuzi akifika hasalimii kwanza. Anaweka kiganja juu ya motere. Ikiwa baridi, salamu zinafuata. Ikiwa na joto, anaenda zake.

Muzee Rémy aliweka kiganja, akakiondoa haraka.

"Iko na joto."

"Haiwezekani," Vahwere alisema. "Tangu maziko hakuna mutu aliigusa." Akamgeukia ndugu yake. "Mudogo, ni weye unaipandaka?"

"Miye nimekufa," Athanase alijibu.

Walilipima jibu hilo, wakaliona halitoshi.

"Kufa hakukatazi," Marcellin alisema. "Unatokaka makaburini na miguu, utashindwa kupanda piki?"

"Tena viatu vinamubana," Muzee Rémy akaongeza. "Mutu wa viatu vya kubana lazima apande kitu."

Honorine alikuwa mlangoni na birika, vumbi jekundu mpaka magotini, alama ya mafuta kwenye kitenge. Akapita kati yao akimimina chai. Majirani wa kanisa lingine, ambao saa ile wanakuwa nyumbani, waliulizwa. Walisema ndiyo, wanaonaga pikipiki ikipita kila siku ya Mungu, na aliye juu yake amevaa kitenge cha Mama Arielle. Klabu ikaelewa mara moja: marehemu anajifunga kitenge cha bibi yake asichafue suti.

Wakamwapisha Athanase asipande mpaka juma lifuatalo. Aliapa bila shida, mkono juu ya rozari aliyozikwa nayo. Juma likapita, misa ya pili ikaisha, Muzee Rémy akaweka kiganja. Joto.

Vahwere alimwita ndugu yake mwongo mbele ya watu. Alisema hata alipokuwa hai kichwa chake kilikuwa kigumu, na kaburi halikumsaidia. Athanase aliangalia viatu vyake. Mwishowe Muzee Rémy, ambaye tangu ujana hakuwahi kununua motere yenye joto, alisema basi, ataichukua hivyo hivyo, mradi marehemu akubali kwa kinywa chake. Fuso ikarudi nyuma mpaka getini. Ubao wa kupandishia ukawekwa.

"Sema, Papa Arielle. Unakubali?"

Athanase alimwangalia Honorine kwa muda, kama mtu anayetafuta jina.

"Muulize Mama Arielle," alisema.

Walicheka kwa heshima. Wafu nao wanachoka, Vahwere alieleza, jua hili ni kali.

"Mama Arielle, ongeza chai."

Honorine aliweka birika chini, juu ya udongo. Akawapita. Akafunga kitenge kati ya miguu, bila haraka, akapanda, akawasha. Vile vijiko vikaanza kulia ndani ya sufuria yao. Dereva wa Fuso aliondoa ubao, akasogeza gari mbele.

"Papa Arielle," Muzee Rémy alisema kwa sauti kubwa, "ambia bibi yako ashuke!"

"Miye nimekufa," Athanase alisema, akarudisha pamba puani, kwanza kushoto, halafu kulia.

Usifikiri mambo yaligeuka. Friji haikurudi, wala ile nusu ya godoro. Klabu inakuja mpaka leo, na Vahwere bado anatuma watu kutoka Butembo, na wote wakiingia uwanjani wanamtafuta Athanase kwanza. Wanamuuliza juu ya bati za jikoni. Wanamuuliza juu ya mahari ya Arielle. Wakisikia pikipiki inatoka, wanasema marehemu leo amewahi, ingawa marehemu ameketi kati yao.

Lakini siku ile Honorine alifika getini, akasimama. Aliacha motere inaunguruma. Akageuka na mwili wote, akawatazama mmoja mmoja, mpaka Marcellin akavua kofia bila kujua anamvulia nani.

"Muzee Rémy, shemeji Vahwere, muangalie huku," alisema. "Siyo kwa yeye. Kwa miye. Ni miye ninaipandaka. Hii piki ninaitaka. Siyo ya kuuzisha, siyo ya kufunika kitambaa. Ninaitaka ya kupanda, miye Honorine, wakati niko muzima."