Aliyeondoka Bila Kuaga

Maren, mwanafunzi wa kigeni, alifika mji wa Xalapa siku ya Alhamisi akiwa na mabegi mawili na Kihispania cha darasani, na mpaka Jumapili mchana alikuwa hajakosana na mtu. Bi Ofelia, mwenye nyumba aliyofikia, aliuhesabu huo kuwa ushindi wake. Mwanafunzi wa mwaka jana alihama kabla wiki haijaisha, akaenda kwa Socorro, nyumba ya pili, na mpaka leo hakuna ajuaye kilichomvuta huko, maana wali wa Socorro unajulikana mtaa mzima kwa ubaya wake. Jumatatu asubuhi chuo kingempigia Maren simu kumuuliza kama anabaki au ahamishwe. Akihama na huyu, Bi Ofelia haletewi mwingine, na chumba cha juu kitabaki na kitanda kilichotandikwa kisicholaliwa na mtu. Jambo hilo lilimwogopesha kuliko alivyotaka watu wajue.

Kwa hiyo Jumapili alipika. Alitengeneza kuku wa mole, mchuzi ambao alianza kuusaga tangu jana yake, akamwalika mdogo wake Lucha na mumewe Nacho, kwa kuwa mgeni asiyeonyeshwa ndugu bado hajapokewa. Wakala, wakanywa kahawa, wakaendelea kukaa. Katika meza ile kula ni utangulizi tu, kazi yenyewe ni maongezi.

Saa kumi na moja jioni Maren akainuka, akapeleka sahani yake jikoni, akapanda ngazi. Wakadhani kaenda msalani. Wakangoja sana. Hatimaye Lucha akatazama dari.

"Dada, huyo mtoto kakuaga?"

"Mimi? Hakuniaga," akasema Bi Ofelia. "Shemeji, wewe je?"

"Hata jicho hakunitupia," akasema Nacho.

Kahawa ikasahauliwa. Katika ukoo ule mtu haondoki mezani hivi hivi. Husema anaondoka, huzuiwa, hukaa tena, hubusu shavu la kila mmoja hata la mtoto mchanga aliyelala, kisha huongea nusu saa mlangoni. Aliyewahi kuondoka kimya ni mmoja tu, mjomba Hilario, naye hakurudi mpaka siku ya mazishi ya aliyemkosea. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Nacho, umemfanya nini mtoto wa watu?" Lucha akamgeukia mumewe.

"Mimi tena? Nimecheka kidogo tu alivyokata tortilla, chapati ya mahindi ya kuliwa kwa mkono, kwa kisu na uma."

"Kidogo! Umecheka mpaka ukapaliwa!"

"Na wewe uliyemuuliza kama kwao kuna njaa, mbona kakonda vile?"

"Ile ilikuwa huruma!"

"Kwako huruma. Wenzio wanaita matusi."

Lucha akaona afadhali vita vihamie kwa dada yake. "Na wewe usikae hapo kama mtakatifu wa kanisani. Tangu asubuhi unamfokea: vaa ndala, sakafu ina baridi, utashikwa na homa. Yule wa mwaka jana ulimfokea hivi hivi. Huko juu anafunga mabegi, nakwambia."

Bi Ofelia alikuwa na jibu, na lilikuwa kali, lakini neno mabegi lilimchoma akalisahau. Akilini akamwona Socorro akimfungulia Maren mlango huku anatabasamu. Akavua aproni.

"Twendeni tukamwombe radhi," akasema. "Sote."

Wakapanda, wakajipanga kwenye korido kwa uzito wa makosa: Nacho mbele, kofia mkononi, Lucha nyuma yake, Bi Ofelia mwisho, kwa sababu aliyepanga foleni ni yeye. Nacho akabisha hodi.

Maren akafungua, nywele timtim, shavu limechorwa mikunjo ya mto. Akawatazama wote watatu.

"Kuna moto?"

"Hapana, mwanangu," akasema Nacho. "Ni ile tortilla. Hata mimi nitajaribu kwa kisu."

"Na wala hujakonda," akasema Lucha. "Ndiyo umbo lako."

"Nani kakukosea?" Bi Ofelia akauliza kutoka nyuma. Sauti ikamtetemeka, akaikasirikia. "Sema tu. Mbona umeondoka bila kuaga?"

Maren akayatafuta maneno, moja moja. "Hakuna aliyenikosea. Nilikuwa na usingizi. Kwetu Saskatoon mtu akichoka anaondoka taratibu, asiwasumbue wenzake. Ndiyo adabu."



"Na hakuna anayekuja kukutafuta?" akauliza Lucha.

"Hakuna."

"Masikini," akasema Nacho, na alimaanisha.

Wakamfundisha papo hapo: shavu kwa shavu, jina la mtu, shukrani, tuonane tena. Maren akaanza na Nacho, wakagongana pua, wakarudia. Kwa Lucha alifanya vizuri zaidi. Mwisho akamfikia Bi Ofelia, na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, hakumruka.

"Kwaheri, Bi Ofelia. Asante kwa chakula. Tuonane tena."

Bi Ofelia akamshika mkono, asiuachie. "Kwaheri ya nini? Wewe unakwenda wapi?"

Maren akafikiri kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani.

"Siendi popote," akasema. "Mimi nakaa hapa."

"Basi wanaoaga ni wageni," akasema Bi Ofelia. "Shuka, mwanangu, tuwasindikize hawa."